Aliyetazama Makuti

Mpaka saa nne za asubuhi Sajini Wilbrodi alikuwa amekwisha kupanda juu ya paa, kupasua suruali ya serikali kwenye goti, na kuambiwa na fundi makuti kwamba hana akili. Yote hayo kwa ajili ya karata.

"Haya, umeona nini huko?" aliuliza Kulwa, yule fundi, akiwa chini ameshika ngazi kwa mkono mmoja na muhogo wa kuchoma kwa mkono wa pili.

"Kuna tundu."

"La mvua hilo. Nilikwisha kumwambia mwenye nyumba."

"Mtu hawezi kujilaza hapa, akachungulia watu wanaocheza chini, akampa mwenziwe ishara?"

Kulwa alitafuna kwanza, akameza. "Afande, paka akipita juu ya makuti hayo anasikika mpaka sokoni. Ukumbi umejaa watu, wamekaa kimya wanatazama karata. Leo mtu mzima ajilaze juu ya vichwa vyao, wasisikie kitu, vumbi lisiwaangukie kwenye kahawa? Basi mimi si fundi. Na wewe, unisamehe sana, akili huna."

Sajini alishuka. Alikung'uta vumbi la makuti mabegani. Tangu Jumapili alikuwa akiishika kesi hii kila upande, nayo kila upande ilimponyoka.

Jumapili hiyo, katika ukumbi huu wa makuti uani kwa Mzee Mwishehe, ilichezwa fainali ya Kombe la Sabasaba, Bagamoyo na Pangani. Mchezo ulikuwa wahedi wa sitini, ule wa watu wanne, wawili kwa wawili, ambao ree, yaani moja, ndiyo yenye thamani kuliko zote, ikifuatiwa na seti, yaani saba, kisha wazungu, yaani karata za picha, na zilizobaki zote ni garasa. Mikidadi wa Mlingotini na mwenziwe Salumu, wa upande wa Bagamoyo, waliwafunga Pangani. Shangwe zilikuwa hazijapoa Hija, kapteni wa Pangani, alipozikusanya karata, akazipeleka mlangoni penye mwanga na kuzigeuza. Migongoni mwa ree zote, seti zote na wazungu wote mlikuwa na alama nyeupe kwenye kona. Garasa zilikuwa safi.

Mtu anayeijua migongo ya karata anajua adui yake ameshika nini. Kwa hiyo kombe halikutolewa, na Mikidadi alipelekwa mahabusu.

Huyo Mikidadi hakuwa na kazi nyingine duniani. Wenziwe walivua, walisomesha, walilima mananasi Kiwangwa. Yeye alicheza karata. Katika muda mfupi alikuwa amewafunga Tanga, akawafunga Unguja kwao huko huko, na vilabu vya Dar es Salaam vilikuwa vikimtumia nauli, vikimlaza na kumlisha ili acheze kwao. Mwisho wa mwaka yalikuwepo mashindano makubwa ya Dar, na jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa. Lakini mcheza karata asiye na klabu, mwaka ule wa sabini na nne, aliitwa mzururaji, na serikali haikuwa na mzaha na wazururaji. Lori lilikuwa limekwisha kupeleka vijana shambani Mkange. Leo baada ya alasiri kamati ya mashindano ingekaa, na ikimwona ni mlaghai ingemfungia maisha. Baada ya hapo angebaki yeye na jembe.

"Nataka jalada hilo lifungwe kabla kamati haijakaa," mkuu wa kituo alikuwa amesema. "Wageni wanaondoka kesho. Nina wizi wa ng'ombe hapa, nina mtu kakatwa panga, na wewe unanukia karata."

Hija alikuwa kwenye baraza ya Mzee Mwishehe akinywa chai. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kunadi samaki, na alikuwa amekwisha kusimulia kisa chake kwa kila aliyepita.

"Nirudie tena?"

"Rudia," alisema Sajini, akikaa kwa namna ya kuficha goti.

"Alama umeziona mwenyewe. Hilo la kwanza. La pili, yule kijana alikuwa anatazama juu. Karata zikigawiwa, juu. Mimi nikifikiri nitoe nini, yeye juu, kwenye makuti. Mcheza karata gani hatazami karata?"

"Labda alikuwa anaomba dua."

"Mikidadi? Dua?" Hija alicheka mpaka chai ikamwagika. "La tatu, zamu yake ya kugawa ikifika hagawi. Anamsukumia Salumu. Zamu zote! Mtu anayeogopa kuzigusa karata ana lake jambo."

"Salumu nimemhoji. Ishara zao ni za kukonyeza, zile zile wanazotumia watu wote."

"Kukonyezana si kosa, ndiyo mchezo wenyewe. Tena nikuambie, pamoja na ulaghai wake tulibanana naye. Mkono wa mwisho tumebakiwa na karata mbili mbili. Yeye ana seti ya kopa na garasa moja. Mimi nina ree ya kopa na garasa. Akanitolea seti, mwenyewe, kwa mkono wake! Nikaibamiza hivi!" Akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Pointi zao za nyuma ndizo zilizowaokoa."

Sajini aliinuka akiwa amekasirika kuliko alivyokaa. Hicho ndicho kilichokuwa kikimkosesha usingizi. Alama zilikuwa chini na macho ya mtuhumiwa yalikuwa juu. Mlaghai gani anajisumbua kutia karata alama, halafu anakesha akihesabu makuti?

Aliingia kwa mwenye nyumba. Mzee Mwishehe, mwenyekiti wa klabu na wa kamati, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeamkaje?"

"Salama. Mzee, nimekuja—"

"Mama watoto hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kuhusu—"

"Na watoto? Na wazee huko Matombo? Mvua zimenyesha huko?"

Mvua zilikuwa zimenyesha, wazee walikuwa wazima, kaka yake alikuwa amepona mguu. Sajini alijibu yote, kwa sababu haikuwezekana asijibu, na kila jibu lilizaa swali lingine la upole.

"Mzee," alisema hatimaye, "karata zile zilikuwa mpya?"

"Zilitoka kwenye boksi lililofungwa. Watu wote waliniona nikilifungua."

"Ulizinunua duka gani?"

"Karata zinauzwa madukani, mwanangu. Kahawa hujanywa."

"Boksi lenyewe liko wapi?"

"Limetupwa. Hapa tunafagia kila siku."

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani sauti ya mwanamke ilisema, "Sajini, zile karata mimi ndiye—"

"Biubwa," alisema mzee. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mgeni hana halua."

Pazia likanyamaza. Baada ya muda mkono wenye bangili ulipitisha sahani ya halua, ukarudi ndani.

"Shikamoo, Bi Biubwa," Sajini aliliambia pazia. "Ulitaka kusema nini?"

"Marahaba, baba," lilijibu pazia.

"Wanawake na karata wapi na wapi," alisema Mzee Mwishehe, akatabasamu.

Sajini alikula ile halua kwa hasira, akaaga. Alikuwa amehoji wezi, wauaji na mkunga mmoja aliyekataa kutaja jina lake mwenyewe, lakini hakuna aliyewahi kumpiga chenga kwa adabu namna ile. Alikuwa amefika barabarani ndipo lilipomjia jambo moja. Yeye aliuliza kama karata zilikuwa mpya. Mzee alijibu habari za boksi.

Karibu na soko wachukuzi watano walikuwa wamekaa kwenye jamvi, wanne wanacheza na wa tano anasubiri zamu. Sajini alisimama nyuma yao, zaidi kwa uchovu kuliko kwa upelelezi. Kule alikokulia mapadri walikataza karata, na hakuwahi kutulia akatazama watu wakicheza. Sasa alitazama. Mchezaji mwenye garasa aliidondosha kimya kimya, kama mtu anayetoa sadaka ndogo na hataki ionekane. Lakini aliyekuwa na ree! Huyo aliinyanyua mpaka juu ya kichwa, akazungusha mkono, akaibamiza jamvini kwa kona, pwaa! "Kula hiyo!" Mwenye seti akafanya vile vile. Mwenye mzungu wa nne, yaani mfalme, alibamiza pia, ingawa si kwa kishindo kile.

Sajini alisogea. "Hebu niazimeni karata hizo."

Mmoja aligeuka, akaziona sare. "Polisi! Kamari!"

Walitimua mbio kila mtu na njia yake. Mmoja aliacha kiatu. Sajini alibaki peke yake katikati ya soko, mbele ya jamvi tupu na karata zilizotawanyika, huku muuza dagaa akimtazama kwa masikitiko.

"Wanacheza tu hao, afande. Hawana kitu."

"Najua," alisema Sajini. Aliinama, akaziokota moja moja. Aliichukua ree ya shupaza, akaigeuza na kuielekeza juani. Kona yake ilikuwa imepasuka vipasuko vyembamba, mfano wa kisigino cha mtu wa shamba. Seti nayo ilikuwa hivyo, na ree ya uru, na mzungu wa nne. Garasa zilikuwa laini. Lakini weupe haukuwepo, si kwenye ree wala popote.

Hapo ndipo pua ilipofanya kazi ambayo kichwa kilikuwa kimeshindwa. Tangu Jumapili karata zile za ushahidi zilikuwa zikinukia kitu, naye alidhani ni manukato ya ukumbini. Sasa alikumbuka harufu ile anaisikia wapi kila Jumapili kabla ya misa. Alikwenda nyumbani karibu anakimbia.

"Poda yako iko wapi?" alimuuliza mkewe, Eufrazia.

"Ya nini?"

"Ya kazi."

"Kazi! Poda nimeipangia foleni tangu alfajiri, wewe uende nayo kituoni? Na suruali hiyo imefanya nini?"

Lakini aliitoa, akasimama nyuma ya bega lake kuilinda. Sajini alizitandaza karata za wachukuzi kifudifudi juu ya meza, akazimwagia poda, akazisugua, kisha akazifuta kwa kitambaa kikavu. Zilitoka zikiteleza na kung'aa, zinapendeza kama zimetoka dukani. Alizikusanya na kuzitazama kwa mbali. Akasogea dirishani, akaziinamisha kwenye mwanga.

Kwenye kona za ree, seti na wazungu poda ilikuwa imeingia ndani ya vipasuko, ikakataa kutoka. Alama nyeupe, zile zile. Garasa zilikuwa safi.

"Nani kazichora?" aliuliza Eufrazia.

"Hakuna. Wamezichora wote." Alijikuta anacheka, ingawa hakuwa na furaha. "Kila anayecheza anazichora, na hajui."

Kwa hiyo hapakuwa na mlaghai. Palikuwa na karata kuukuu, zilizobamizwa miaka na miaka, zikapakwa poda ili zionekane mpya, zikatiwa kwenye boksi jipya na boksi likafungwa kwa gundi. Karata mpya zilikuwa hazipatikani mwaka ule, kama sukari, kama sabuni. Mwenyekiti alikuwa na wageni kutoka Pangani. Angesimamaje mbele yao na kusema Bagamoyo nzima haina hata karata? Mzee Mwishehe hakusema uongo hata mmoja asubuhi ile. Aliuzungukia ukweli kwa kahawa na halua, basi.

Lilibaki lile la makuti.

Mikidadi alitolewa mahabusu, akaletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa kijana mwembamba mwenye vidole virefu, na hata baada ya siku za ndani kola ya shati lake ilikuwa imelala vizuri.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa."

Sajini alifunga mlango. Alizitoa karata za ushahidi na kuzitandaza mezani kifudifudi, migongo juu. Papo hapo macho ya Mikidadi yakapanda darini. Dari lenyewe lilikuwa bati tupu lenye kutu.

"Tazama chini."

"Nasikia vizuri tu hivi hivi, afande."

"Mikidadi, juu hapana kitu. Nimepanda mwenyewe, nimepasua suruali. Wewe hukuwa unatafuta kitu juu. Ulikuwa unakimbia kitu kilichopo chini."

Kijana alinyoosha kola yake.

"Hukugawa, kwa sababu mgawaji lazima aione migongo. Na mkono wa mwisho ulimtolea Hija seti ya kopa, yeye ameshika ree. Mtu anayesoma migongo angetoa garasa. Ulikuwa hujui ana nini. Ulikataa kujua."

Mikidadi alishusha macho polepole, akayaweka usoni kwa Sajini, si mezani. "Nilizijua tangu mkono wa kwanza. Poda au bila poda. Karata zile ndizo nilizojifunzia, afande. Nilikuja mjini sina mbele wala nyuma, Mzee Mwishehe akanikalisha kwenye jamvi lake, akanifundisha kwa karata hizo hizo. Ree ya shupaza aliivunja kona yeye mwenyewe, siku aliyomfunga bwana mmoja wa Saadani. Naweza kukutajia zote nikiwa nimezipa kisogo."

"Kwa nini hukusema mchezo usimame?"

"Niseme nini? Wageni wamekaa, yeye kasimama mbele yao na boksi lake, anafungua kwa madaha. Niseme, mzee, hizi ni kuukuu zetu?"

"Basi ukaamua kucheza huoni."

"Nikaamua kucheza kama wao. Wao walikuwa hawajui, na mimi nisijue."

"Na sasa utafungiwa maisha kwa ajili ya boksi la karata! Dar umeikosa. Lori linakusubiri. Umesikia?" Sajini alijikuta amesimama. "Nina kila kitu hapa. Nikienda ukumbini nikasema, unatoka leo."

"Ukisema, nitakuita mwongo mbele za watu."

"Una wazimu."

"Huenda. Nakuomba, afande. Usiseme."

Sajini alikwenda kwa mkuu wa kituo akiwa bado na hasira. Alieleza tangu mwanzo. Mkuu alisikiliza akikuna shavu.

"Kwa hiyo hakuna kosa la jinai."

"Hakuna, afande."

"Basi fungua mlango, kijana aende zake. Mengine ni ya kamati."

"Lakini kamati itamfungia!"

"Wilbrodi, klabu ya karata si mali ya polisi. Katafute ng'ombe."

Sajini hakwenda kutafuta ng'ombe. Baada ya alasiri alikuwa ukumbini, amesimama nyuma ya watu, karata za ushahidi mfukoni. Pangani walikaa upande mmoja wa mkeka, Bagamoyo upande wa pili. Mikidadi alikaa peke yake karibu na mlango, na hakuna aliyesogeza goti karibu na lake. Salumu mwenyewe alikaa mbali.

Mzee Mwishehe alisalimu, akawashukuru wageni, akaomba radhi kwa yote yaliyowaudhi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila alikuwa akiivua kofia na kuivaa tena. "Kamati imeona," alisema, "kwamba karata zilikuwa na alama. Na kwa kuwa zilikuwa na alama, na kwa kuwa kijana wetu Mikidadi..." Alikwama. Akakohoa. "Kamati imeona afungiwe—"

"Mzee, niruhusu swali moja," alisema Sajini.

Watu waligeuka.

"Lile boksi. Lilinunuliwa duka gani?"

Vichwa vikageuka tena kwa mzee. Hija alimtazama mwenyekiti, kwanza bila nia, kisha kwa makini. Mzee Mwishehe alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku ile hakupata neno la adabu la kujifichia.

Mikidadi alisimama haraka. "Maswali ya nini? Alama niliweka mimi. Nimekubali. Nifungieni, wageni wapumzike."

Ukumbi ulilipuka. Wengine walisema nilikuambia, wengine walitema mate, mmoja wa Pangani aliinuka akitaka kumshika shati. Sajini alipiga kelele kwamba si kweli, lakini nani angemsikia? Alikuwa ameushika ukweli wote mkononi, na mwenye faida nao ndiye aliyekuwa akimpokonya.

Kisha kelele zikafa, kuanzia upande wa nyumba. Pazia la mlango wa ndani lilikuwa limefunguliwa, na Bi Biubwa alikuwa amesimama pale mwenyewe, mbele ya wanaume wote wale, kanga kichwani na sinia la kahawa mikononi. Tangu ukumbi ule ujengwe hakuwahi kuuvuka mlango ule wageni wakiwemo. Sikuzote sinia lilipokelewa paziani. Alipita katikati ya mkeka. Watu walivuta miguu kumpisha. Aliliweka sinia mbele ya mumewe, na hapo wote wakaona kwamba katikati ya vikombe, mahali pa dele, birika la kahawa, palikuwa na kopo la poda.

"Mikidadi hajamiliki poda tangu azaliwe," alisema. "Hili langu. Nilizisugua mimi, kwa kuambiwa. Sikujua kama zitamla mtoto wa watu."

Alijifunika vizuri kanga yake, akarudi ndani.

Hija alilichukua kopo, akalifungua, akanusa. Alinyosha mkono kwa Sajini, naye Sajini akampa karata. Akanusa na hizo. Alipiga kona ya ree kwa kidole, poda ikadondoka kidogo juu ya mkeka.

"Ni karata zetu za zamani," alisema Mzee Mwishehe. Alisema akitazama sinia. "Mpya nilizikosa. Nilituma mpaka Dar, nikazikosa. Nikaona haya kuwaambieni. Kijana hana kosa. Jumapili nilimwona anatazama juu tangu mkono wa kwanza, nikajua amezitambua, nikajua kwa nini hatazami. Nikanyamaza."

Hija alizishika zile karata muda mrefu. Alikuwa mtu wa kelele, lakini alipozungumza alizungumza taratibu. "Kwa hiyo sisi Pangani," alisema, "tumefungwa na mtu aliyekuwa anatazama makuti."

Alizirudisha karata mkekani. Hija alinyanyuka, akaliendea kombe lililokuwa kwenye stuli pembeni, akalibeba kwa mikono miwili na kuliweka mbele ya Mikidadi. Salumu alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Mikidadi hakuligusa kombe. Alilivuka, akaenda mpaka kwa mzee, akapiga magoti, akauchukua mkono wake na kuubusu. Mzee hakuuvuta. Kisha kijana alitoka nje.

Sajini Wilbrodi alimfuata hadi barabarani. Kwa siku zote zile ndiyo mara ya kwanza alijisikia mwepesi, na hakuona aibu kutegemea neno la ahsante.

"Umesalimika," alisema. "Dar utakwenda. Hakuna atakayekugusa."

Mikidadi aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa na hasira ambayo Sajini hakuwahi kuiona kwake, hata siku ya kumfungia mlango wa mahabusu.

"Mimi ningefungiwa, afande, ningepelekwa Mkange nikalima. Kijana analima, mwaka unapita, anarudi. Mzee yeye, atarudi wapi?"

Aliondoka kuelekea njia ya Mlingotini, bila kuaga.

Sajini alirudi hatua chache. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na ndani wageni wa Pangani walikuwa wakiaga mmoja mmoja. Kila mmoja aliinama mbele ya Mzee Mwishehe, akamshika mkono na kumshukuru kwa ukarimu wake, na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni.